Pikipiki iliyobadilishwa injini: Kifaa gani kinafaa milima ya Kisii na Nyamira?

WAENDESHAJI wa bodaboda katika kaunti za Kisii na Nyamira hawahitaji kuelezwa maana ya mlima. Barabara ya kutoka mjini Kisii kupanda hadi Keroka, zile zinazoelekea viwanda vya majani chai vya Nyansiongo na Kebirigo, na njia nyingi za udongo zinazopita katikati ya migomba, huikamua injini ndogo hadi tone la mwisho la nguvu zake.

Ndiyo sababu si ajabu kumkuta mwendeshaji aliyeamua kuibadilisha pikipiki yake. Mmoja huongeza ukubwa wa pistoni, mwingine hutoa bomba la moshi la kiwandani na kuweka lililo wazi zaidi, na mwingine huondoa chujio la hewa akitumaini kwamba injini itapumua vyema. Baada ya hapo huanza matatizo: pikipiki inakohoa, inapasua milio, inameza petroli kupita kiasi au inapata joto lisilo la kawaida. Hapo ndipo mwenyewe huenda dukani kutafuta kifaa cha kuiweka injini sawa.

Vifaa hivyo ni vingi, na bei zake hutofautiana kama mbingu na ardhi. Kuna jeti ndogo ya shaba inayotoshea kwenye ncha ya kidole, kuna kisanduku cha kuamuru cheche, kuna kompyuta ya kurekebisha petroli, na kuna vingine visivyo na faida yoyote ila kwa muuzaji. Anayekosea hapotezi fedha za kifaa pekee. Injini ikifa, mapato ya kila siku hukatika ilhali mkopo wa kununulia pikipiki unaendelea kudai.

Suala hili limekuwa zito zaidi tangu mwaka wa 2008, serikali ya Kenya ilipoondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki zenye injini ya chini ya 250cc. Hatua hiyo ilifungua mlango kwa pikipiki za bei nafuu kutoka India na China, na leo familia nyingi za Gusii hutegemea chombo hicho kwa chakula, karo na matibabu.

Hewa ya milimani ni haba

Kabla ya kuchagua kifaa chochote, ni sharti mtu aelewe kile anachotaka kurekebisha. Injini ya petroli huchoma mchanganyiko wa hewa na mafuta. Kwa petroli ya kawaida, gramu moja ya mafuta huhitaji takribani gramu 14.7 za hewa ili iungue yote. Injini inapotakiwa kutoa nguvu zake zote, kama vile inapopanda mlima, huhitaji mafuta zaidi kidogo, yaani gramu moja kwa gramu 12.5 hadi 13 za hewa.

Mafuta yakizidi, mchanganyiko huwa mzito. Dalili zake ni moshi mweusi, plagi iliyojaa masizi, harufu ya petroli na tangi linalokauka mapema. Petroli isiyoungua huweza kuteremka hadi kwenye oili na kuidhoofisha. Mafuta yakipungua, mchanganyiko huwa mwepesi. Injini husitasita mwendeshaji anapovuta akselereta, hupasua milio anapoiachilia, na joto hupanda. Mchanganyiko mzito humaliza mfuko polepole, lakini ulio mwepesi mno unaweza kutoboa pistoni katika safari moja.

Hapa ndipo jiografia inapoingia. Mji wa Kisii uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na sehemu za juu za Nyamira hufikia takribani mita 2,000. Katika kimo hicho, hewa ni nyepesi kuliko ile ya Mombasa kwa kati ya asilimia 15 na 18. Kila pistoni inaposhuka, injini huvuta hewa kidogo zaidi, na kwa hiyo nguvu hupungua. Hakuna kifaa cha kurekebisha mafuta kinachoweza kurudisha hewa ambayo haipo.

Kabureta, ambayo ndiyo hupima petroli katika pikipiki nyingi za bodaboda, haina njia ya kutambua kuwa hewa imepungua. Huendelea kutoa mafuta karibu kama ilivyozoea. Matokeo yake ni kwamba kabureta iliyowekewa jeti ya nyanda za chini, ikifikishwa mita 2,000, hutoa mchanganyiko ulio mzito kwa takribani asilimia 10. Mwendeshaji huona pikipiki imechoka na inakunywa petroli, naye hudhani injini imezeeka.

Makosa mawili yanayofichana

Sasa tazama kinachotokea pikipiki inapobadilishwa. Kuondoa chujio la hewa au kufungua bomba la moshi kwa kawaida huufanya mchanganyiko uwe mwepesi, kwa kuwa hewa hupita kwa urahisi zaidi huku jeti ikiwa ni ile ile. Kimo cha Gusii nacho huufanya uwe mzito. Makosa haya mawili huvutana, na pikipiki huweza kuonekana iko sawa kabisa. Fundi husifiwa, naye mwenye pikipiki huondoka akitabasamu.

Siri hufichuka pikipiki inapoteremka. Chukua mfano wa mwendeshaji wa Nyamira anayekodishwa kupeleka mzigo Homa Bay au Kisumu, ambako kimo ni takribani mita 1,150. Akifika huko, mchanganyiko wake umekuwa mwepesi kwa takribani asilimia 4 zaidi ya ulivyokuwa nyumbani. Kiasi hicho ni kidogo, na injini iliyorekebishwa vizuri hukistahimili bila taabu. Lakini injini ambayo tayari ilikuwa ukingoni, iliyobeba mzigo mzito, inayokimbizwa kwa muda mrefu kwenye barabara tambarare wakati wa joto la mchana, inaweza kukwama pistoni humo humo njiani.

Jeti inayofaa mlimani huenda isifae ziwani, na kinyume chake. Mwendeshaji anayenakili nambari ya jeti kutoka kwa mwenzake wa Mombasa au Nairobi ananakili jibu la swali la mtu mwingine.

Swali la kwanza: Kabureta au sindano?

Hatua ya kwanza ya uchaguzi ni kujua jinsi petroli inavyoingia kwenye injini. Aghalabu pikipiki za bodaboda zinazoonekana Kisii na Nyamira, kama vile Bajaj Boxer na TVS HLX, hutumia kabureta. Pikipiki mpya zaidi, na zile kubwa za starehe, hutumia sindano ya mafuta inayoongozwa na kompyuta. Nchini India, masharti makali ya kudhibiti moshi yaliyoanza Aprili 2020 yaliwasukuma watengenezaji wengi kuingia katika mfumo huo, ingawa pikipiki za kabureta bado hutengenezwa kwa ajili ya masoko ya nje.

Tofauti hii ndiyo huamua kifaa. Kompyuta ndogo za kurekebisha mafuta, mfano Power Commander inayotengenezwa na kampuni ya Marekani ya Dynojet, huunganishwa kati ya kompyuta ya pikipiki na sindano zake, na hubadilisha muda ambao sindano hubaki wazi. Kwenye pikipiki ya kabureta hakuna sindano ya aina hiyo, wala hakuna mahali pa kukiunganisha kifaa hicho. Anayeuziwa kifaa cha namna hiyo kwa ajili ya Boxer ya kabureta ameuziwa mapambo.

Aidha, mifumo ya sindano kwa kawaida huwa na sensa inayopima shinikizo la hewa na kupunguza petroli yenyewe pikipiki inapopanda mlima. Mwenye pikipiki kama hiyo hana haja ya kununua kifaa kwa sababu ya kimo pekee. Atakihitaji tu ikiwa amebadilisha bomba la moshi, njia ya hewa au sehemu za ndani za injini kwa kiwango kikubwa.

Jeti: Kifaa kidogo chenye kazi kubwa

Kwa pikipiki ya kabureta, kifaa cha kwanza cha kurekebisha injini ni jeti zenyewe. Kabureta huwa na sehemu kadhaa, na kila moja hufanya kazi katika kiwango chake. Injini inaponguruma bila kuvutwa, hadi akselereta inapofunguliwa kwa thumni, jeti ndogo na skrubu ya hewa ndizo hutawala. Kuanzia robo hadi robo tatu, kazi hufanywa na sindano ya kabureta inayopanda na kushuka ndani ya tundu lake. Kuanzia robo tatu hadi mwisho, jeti kuu ndiyo husema.

Kwa sababu hiyo, fundi anayezungusha skrubu ya nje pekee huku pikipiki imesimama hajagusa kabisa jeti kuu, ambayo ndiyo hutumika pikipiki inapopanda mlima ikiwa imejaa mzigo. Pikipiki inaweza kunguruma vizuri sana mbele ya gereji na bado ikawa na mchanganyiko mbaya huko Manga.

Jeti huuzwa kwa nambari. Katika jeti za Keihin, nambari 100 humaanisha tundu lenye upana wa takribani milimita moja. Kutoka 100 kushuka hadi 97.5 hupunguza eneo la tundu kwa takribani asilimia 5. Hivyo, hatua moja au mbili za kushuka hutosha kufidia kimo cha Gusii kwa pikipiki ambayo haijabadilishwa. Ikumbukwe kwamba nambari za Keihin na za Mikuni hazilingani, kwa hivyo ni lazima kununua jeti ya kabureta ile ile.

Kuna mafundi ambao hutoboa jeti kwa waya au sindano ya kushonea ili kuipanua. Jambo hilo ni la kuepukwa. Tundu la jeti hukatwa kwa vipimo vya sehemu ndogo sana ya milimita, na likishakwaruzwa hakuna ajuaye linapitisha kiasi gani. Jeti mpya ni miongoni mwa vipuri vya bei ya chini kabisa katika pikipiki nzima.

Visanduku vya cheche

Kifaa cha pili kinachopendwa ni kisanduku cha CDI, ambacho huamua ni wakati gani plagi itoe cheche. Vipo vinavyouzwa kwa jina la mashindano, vikidaiwa kuongeza mbio. Baadhi huitanguliza cheche mapema zaidi, na vingine kazi yake kuu ni kuondoa kikomo cha mizunguko ya injini.

Kutanguliza cheche kunaweza kuongeza nguvu kidogo, lakini kuna hatari zake. Cheche ikitangulia mno, petroli huwaka kwa kishindo wakati pistoni ingali inapanda, na injini hugonga. Petroli iliyochanganywa na mafuta taa huzidisha tatizo hilo. Uchanganyaji huo ulikuwa umekithiri nchini kiasi kwamba mwaka wa 2018 serikali iliweka tozo ya Sh18 kwa kila lita ya mafuta taa ili kuondoa faida ya wanaofanya hivyo. Mwendeshaji anayenunua petroli ya chupa kando ya barabara, bila kujua imetoka wapi, hafai kuwa na kisanduku kinachotanguliza cheche.

Kimo hudanganya hapa pia. Hewa nyepesi ya milimani hupunguza shinikizo ndani ya silinda, na hivyo kugonga hupungua. Kisanduku kinachofanya kazi kimya kimya Keroka kinaweza kuanza kugongesha injini pikipiki ikifika kando ya ziwa. Mnunuzi anapaswa pia kujua ikiwa CDI yake hupata umeme moja kwa moja kutoka kwa koili za injini au kutoka kwa betri, kwani aina hizo mbili haziingiliani.

Kwa anayetaka nguvu za kupanda mlima badala ya mbio, kuna suluhisho ambalo halihitaji umeme wala kompyuta. Kubadilisha gurudumu la meno la nyuma kwa lingine lenye meno mawili au matatu zaidi hupunguza kasi ya juu kidogo, lakini huongeza nguvu za kuvuta mlimani. Kwa bodaboda wengi wa Gusii, huenda hilo ndilo badiliko walilokuwa wakilitafuta tangu mwanzo.

Pima kabla ya kubadilisha

Kifaa cha tatu, ambacho hutajwa mara chache zaidi, hakibadilishi chochote. Kazi yake ni kupima. Njia ya zamani ni kutazama plagi. Mwendeshaji huweka plagi safi, hupanda mlima mrefu usio na magari mengi akiwa amefungua akselereta kikamilifu, kisha hubana klachi na kuzima injini papo hapo, husimama pembeni na kuifungua plagi baada ya kupoa. Rangi ya kahawia hafifu ni njema. Weusi wa masizi huonyesha mafuta yamezidi, na weupe wa chokaa huonyesha yamepungua.

Njia hiyo haina gharama kubwa, lakini hutegemea jicho. Njia ya uhakika zaidi ni mita yenye sensa ya oksijeni, ambayo huingizwa kwenye bomba la moshi na kuonyesha uwiano wa hewa na mafuta kwa nambari. Zipo za aina mbili. Ya kwanza huonyesha tu kama mchanganyiko uko juu au chini ya 14.7, nayo haitoshi kwa kazi hii. Ya pili husoma kiwango chote kuanzia 10 hadi 18 na zaidi, na hiyo ndiyo inayofaa.

Mita hiyo ina masharti yake. Sensa yake hupashwa joto kwa umeme wa volti 12, na mfumo dhaifu wa kuchaji wa pikipiki ndogo unaweza kulemewa. Ni bora itumie betri ya pembeni wakati wa majaribio, kisha iondolewe. Kwa kuwa haihitajiki kila siku, hakuna sababu ya kila mwendeshaji kununua yake. Gereji moja, au chama cha waendeshaji wa steji moja, kinaweza kununua mita moja ikahudumia pikipiki nyingi kwa miaka.

Kwa mtu aliyebadilisha injini, mita ya kukopa pamoja na jeti nne au tano za nambari tofauti vina manufaa kuliko kisanduku chochote cha bei ghali kilichofungwa kwa kubahatisha. Atapima, abadilishe jeti moja, kisha apime tena. Akiwa msafiri wa kuteremka ziwani, achague jeti iliyo nzito hatua moja zaidi ya ile inayompa nguvu nyingi milimani. Gharama yake ni petroli kidogo, lakini pistoni itasalimika.

Vifaa vya miujiza

Sumaku za kufungwa kwenye mpira wa petroli, vidonge vya kutumbukizwa tangini na vijiplastiki vinavyodaiwa kuizungusha hewa huuzwa kila mahali duniani. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, limechunguza zaidi ya vifaa 100 vilivyodaiwa kupunguza matumizi ya mafuta, na likapata kuwa ni vichache mno vyenye faida yoyote. Kifaa kisichobadilisha kiasi cha hewa, kiasi cha mafuta wala wakati wa cheche hakiwezi kurekebisha injini.

Vilevile, si kila badiliko linahitaji kifaa. Silinda ya milimita 57 ikichongwa na kuwekewa pistoni iliyozidi kwa nusu milimita, ujazo wa injini huongezeka kwa chini ya asilimia 2. Hayo ni matengenezo ya kawaida, na jeti ya awali hutosha. Kuhusu chujio la hewa, katika njia za vumbi za Gusii kuliondoa ni kualika mchanga ndani ya silinda. Kifaa bora cha kutibu tatizo hilo ni kulirudisha chujio mahali pake.

Sheria na breki

Mwenye kubadilisha pikipiki hana budi kukumbuka sheria. Kanuni za mwaka wa 2009 za kudhibiti kelele chini ya sheria ya mazingira huweza kumtia mashakani mwenye bomba la moshi linalopiga mayowe. Mabadiliko ya injini hufaa kuarifiwa mamlaka ya uchukuzi, NTSA, pamoja na kampuni ya bima, kwani ajali ikitokea, tofauti kati ya pikipiki iliyoandikishwa na iliyo barabarani inaweza kuwa kisingizio cha kukataa fidia. Sheria ya Trafiki huruhusu abiria mmoja tu, na hakuna jeti inayobadilisha idadi hiyo.

Isitoshe, breki za ngoma na magurudumu ya pikipiki hizi ziliundwa kwa nguvu za kiwandani. Kila anayeongeza kasi ya kupanda Keroka atalazimika kuteremka barabara ile ile, mara nyingi mvua ya alasiri ikinyesha.

Kwa hivyo, kabla ya kutoa fedha, mnunuzi na amuulize muuzaji maswali matatu. Je, kifaa hiki ni cha kabureta au cha sindano ya mafuta? Je, kinabadilisha nini hasa: hewa, mafuta au cheche? Na je, tutajuaje, kwa kipimo na si kwa sikio, kwamba kimefanya kazi katika kimo hiki? Muuzaji akishindwa kujibu hata moja, fedha hizo zikanunue plagi mpya, chujio safi na oili halali. Huenda injini iliyoonekana kuhitaji kifaa ilikuwa ikihitaji hayo tu.